Bolti haikukatika, zege ndilo lililotoka: uzi wa bolti za kufunga kwenye zege

#1 FundiSpana

Wakuu, habari za kazi.

Nina bonge la zege nililoliweka juu ya meza ya karakana tangu mwaka juzi, na leo nimeona nilizungumzie hapa. Upande mmoja ni bapa, bado una lipu na rangi. Upande wa pili umeviringa kama kitako cha chungu. Katikati yake zimekaa bolti 2 za M12 (unene wa milimita 12) ambazo mpaka leo zinameta. Hazikukatika, hazikupinda, nyuzi zake safi kabisa.

Bolti hizo nilizifunga mimi mwenyewe. Kazi ilikuwa kuweka mkono wa chuma wa kubeba winchi ndogo kwenye nguzo ya zege, mzigo wa kilo 300, umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye nguzo. Kitako cha mkono kilikuwa bati la milimita 10, upana na urefu wake milimita 120. Nikatoboa matundu 4, milimita 80 kwa 80. Nguzo ilikuwa nyembamba, kwa hiyo safu moja ya bolti iliangukia milimita 45 tu kutoka ukingoni. Nikagonga bolti, nikakaza mpaka spana ikagoma, nikaondoka nimeridhika.

Siku ya nne mkono uliteremka na mzigo wake. Bolti 2 za juu zilitoka pamoja na bonge hilo, 2 za chini zikafuata. Tulikuwa na ada ya kutosimama chini ya mzigo, na ada hiyo ndiyo iliyotuokoa, si ufundi wangu.

Jioni ile nilikaa na rula. Bolti ilikuwa na urefu wa milimita 100, na kichwani mwangu nilikuwa nimezamisha "bolti ya sentimita 10". Hebu tuhesabu. Nati, washa na kile kipande cha nyuzi kilichobaki nje vilikula kama milimita 18. Bati likala 10. Lipu ya nguzo ikala 25. Jumla 53. Ndani ya zege lenyewe zilibaki milimita 47, na sehemu inayoshika iko juu kidogo ya ncha, kwa hiyo kina cha kushika hakikufika hata milimita 40.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo kwa miaka nilikuwa nalifanyia kazi bila kulijua. Bolti ya kutanuka ina koni kwenye ncha na kipete cha bati kilichoizunguka. Ukikaza nati, unaivuta koni irudi juu, nayo inakitanua kipete kikabana kuta za shimo. Kuanzia hapo bolti inashikwa kwa msuguano. Lakini msuguano ukiwa mzuri, mzigo unahamia kwenye zege lililo kati ya kipete na uso wa nguzo. Zege likivutwa ni dhaifu sana kuliko likikandamizwa. Likizidiwa, linapasuka kuanzia kwenye kipete na kutoka kama faneli, jembamba ndani na pana nje. Bolti inatoka nzima, imelibeba.

Kwa hiyo unapochagua bolti, unachagua kwa kweli ukubwa wa lile faneli la zege. Faneli linaamuliwa na kina, na umbali kutoka ukingoni, na umbali kati ya bolti moja na nyingine. Ukilikata kwa kukaribia ukingo, limepungua. Ukiziweka bolti karibukaribu, mafaneli yanaingiliana na kugawana zege lile lile. Mimi nilifanya makosa yote 3 kwenye bati moja.

Wenye uzoefu naomba mwongeze, na mkiona nimekosea mnisahihishe.

#2 Kokoto_Nne

Pole sana mkuu, na asante kwa kusema wazi. Swali: ungetumia M16 badala ya M12, si ingeshika?

#3 FundiSpana

Kokoto_Nne, hilo ndilo nililowaza na mimi kwanza. Kwa kina kile kile, isingeshika. Unene unasaidia pale chuma chenyewe kinapokuwa hatarini kukatika, au mzigo unapokata bolti kwa ubavu. Lakini kama kinachotoka ni zege, unene wa bolti haubadilishi faneli. Tena M16 inataka ikae mbali zaidi na ukingo, kwa sababu inapotanuka inasukuma kwa nguvu kubwa zaidi pembeni. Milimita 45 zile ningeweza kuupasua ukingo wakati wa kukaza tu, kabla hata ya mzigo.

#4 MzeeDrili

Vijana, mimi nimefunga bolti hizi miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Kanuni yangu ni moja: kaza mpaka mkono ugome, halafu ongeza nusu mzunguko. Bolti isiyokazwa ndiyo inayotoka. Naona huyu bwana hakukaza vya kutosha.

#5 FundiSpana

Mzee wangu, shikamoo. Kwamba bolti isiyokazwa haitanuki, hapo tuko pamoja. Ila nusu mzunguko wa ziada naomba nieleze kwa nini nimeuacha.

Bolti ya M12 ya aina hii, kutegemea iliyotengenezwa na nani, huandikiwa kukazwa kati ya Nm 40 na 60 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Chukua Nm 50. Spana ya sentimita 25 ukiivuta kwa nguvu ya kilo 20 umeshafika. Mtu mwenye mkono kama wako, akishika spana ya sentimita 30 na kuivuta kwa kilo 40, yuko Nm 120 kabla hajatoa jasho. Akiongeza bomba kwenye mpini, hapo hatuna tena kipimo.

Na Nm 50 zile si kidogo. Kwa M12 zinaivuta bolti kwa karibu kilonyutoni 20, yaani kama tani 2, bila mzigo wowote kuning'inia. Ukizidisha mara mbili, ama unaivuta koni ipite kabisa ndani ya kipete, ama unainyoosha bolti, ama unalipasua zege kimyakimya, na ufa uko nyuma ya bati huuoni.

Mimi sasa natumia spana yenye kipimo. Na kuna dalili moja inayonisaidia: kuanzia pale nati inapobana kwa vidole, bolti iliyokaa vizuri hufikia kipimo chake ndani ya mizunguko 3 hadi 5. Ukizungusha na kuzungusha nati haigomi, shimo ni pana au zege ni bovu. Bolti hiyo usiihesabu.

#6 MzeeDrili

Marahaba. Hiyo ya kuhesabu mizunguko nimeipenda. Kwenye mashimo yaliyotobolewa na keekee iliyoyumba nimeiona mara nyingi, nati inazunguka tu na bolti inatoka pole pole. Nilikuwa nakaza mpaka igome, kumbe nilikuwa naing'oa.

#7 BiMhandisi

Nimekuwa nasoma tu, lakini uzi huu unahitaji hesabu kidogo. FundiSpana, umeeleza vizuri kwa mtu aliyejifunza kwa rula.

Faneli hilo lina historia. Zamani wahandisi walilichora kwa pembe ya nyuzi 45. Mwaka 1995 Fuchs, Eligehausen na Breen walichapisha njia ambayo sasa imo kwenye kanuni za Marekani na za Ulaya, nayo inachukua pembe ya karibu nyuzi 35 kutoka kwenye uso wa zege. Yaani faneli ni pana kuliko tulivyodhani: nusu kipenyo chake juuni ni mara 1.5 ya kina cha kushika. Bolti yenye kina cha milimita 70 inahitaji zege la milimita 105 kila upande ili itoe nguvu yake yote. Na bolti 2 zinahitaji milimita 210 kati yao ili zisigombanie zege.

Kwa bolti moja iliyo peke yake, kanuni ya Ulaya EN 1992-4 ya mwaka 2018 inasema hivi: nguvu kwa nyutoni ni 7.7, mara kipeuo cha pili cha nguvu ya zege, mara kina kilichopandishwa kwenye kipeo cha 1.5. Hiyo ni kwa zege lenye nyufa. Kwa zege lisilo na nyufa, 7.7 inakuwa 11.0. Kokoto_Nne, angalia vizuri: kipenyo cha bolti hakimo.

Tuchukue zege lenye nguvu ya nyutoni 20 kwa milimita ya mraba, lenye nyufa. Kina cha milimita 50 kinatoa kilonyutoni 12.2. Kina cha 70 kinatoa 20.2. Kina cha 100 kinatoa 34.4. Ukiongeza kina maradufu, nguvu inakuwa karibu mara 2.8. Kisha bado unagawa kwa vigezo vya usalama. Ile 20.2 ikishagawanywa upande wa zege na upande wa mzigo, mzigo wa kazi unabaki karibu tani 1.

Sasa turudi kwenye nguzo yako. Kilo 300 kwa umbali wa sentimita 60 ni kilonyutoni 3 zikizidishwa na mita 0.6, yaani kilonyutoni-mita 1.8 za mgeuko, ile nguvu ya kuupindua mkono. Mgeuko huo unapingwa na bolti za juu zikivuta, na sehemu ya chini ya bati ikikandamiza nguzo. Kutoka bolti za juu hadi chini ya bati lako ni milimita 100. Gawa 1.8 kwa 0.1: kilonyutoni 18. Kilo 300 zako zilizivuta zile bolti 2 za juu kwa karibu tani 2.

Na zilikuwa na uwezo gani? Kwa kina cha 40, bolti moja peke yake ni kilonyutoni 8.7. Mbili zingekuwa 17.4 kama zingekuwa huru, lakini zimekaribiana na moja iko ukingoni. Nikikokotoa eneo la zege lililobaki na adhabu ya ukingo, napata kama 12.4 kwa pamoja. Zege lako huenda halikuwa na ufa pale, ndiyo maana lilivumilia siku 3. Winchi ikistuka mara moja, basi.

#8 FundiSpana

Dada, nimesoma mara 3. Nilidhani bolti 4 zinagawana kilo 300, kila moja kilo 75. Hilo la mgeuko sikuwahi kulihesabu kabisa.

Je, ningerudia kazi ile ile kwenye nguzo ile ile, ungeanza wapi?

#9 BiMhandisi

Ningeanza na bati kabla ya bolti. Fanya bati liwe refu, milimita 250 kwenda juu, na bolti za juu ziwe milimita 225 kutoka chini ya bati. 1.8 ukigawa kwa 0.225 inakuwa kilonyutoni 8. Umepunguza mvuto kwa zaidi ya nusu bila kununua bolti nene. Bati lenyewe liwe gumu, lisipinde, kwa sababu bati likipinda linaongeza mvuto kwenye bolti.

Kisha kina, milimita 70 kwenda juu, ukihesabu kutoka kwenye zege. Lipu haihesabiwi. Kisha ukingo: kama nguzo ni nyembamba, weka bolti katikati ya upana wake, moja juu ya nyingine, uachane na safu 2. Kwa bolti ya kina cha 70 ukiiweka milimita 60 kutoka ukingoni, unapoteza karibu theluthi ya nguvu yake, hata kama karatasi ya mtengenezaji inakuruhusu kufika hapo.

Kama hapo bado haitoshi, usifunge kwa kutanuka. Zungushia nguzo mkanda wa chuma, au pitisha bolti ndefu kutoka upande hadi upande na uweke bati nyuma. Zege linapenda kukandamizwa.

#10 NondoKavu

Naomba kuuliza tofauti ya aina. Mimi huziona zote naziita rolibolti.

#11 FundiSpana

NondoKavu, jina hilo lina mizizi yake. John Joseph Rawlings, fundi wa Uingereza, aliomba hataza ya plagi ya ukutani mwaka 1911, na kampuni iliyochukua jina lake ndiyo iliyotoa bolti zilizokuja kuitwa hivyo. Plagi zake za mwanzo zilikuwa nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi. Ile ya nailoni tunayoijua leo ililetwa na Artur Fischer wa Ujerumani mwaka 1958.

Kwa kazi, mimi nazitofautisha kwa jinsi zinavyoshika. Yenye koni na kipete ndiyo niliyoieleza, shimo lake ni sawa na bolti: M12 shimo la 12. Unaweza kutoboa ukipitia kwenye tundu la bati likiwa mahali pake. Kuna ya ala, ambayo bolti iko ndani ya bomba la bati linalotanuka, kwa hiyo shimo ni kubwa kuliko bolti. Ina msaada zaidi kwa kazi nyepesi, na kwenye tofali gumu lisilo na tundu inavumilia.

Kuna ya kuzamisha, yenye nyuzi kwa ndani, unaigonga kwa patasi yake maalumu mpaka kiini kishuke. Hii nina neno nayo. Haina namna ya kujieleza kama imetanuka. Ile ya kipete ukikaza inakujibu, hii haikujibu. Kama kiini hakikushuka mpaka mwisho, unaning'iniza mzigo kwenye kitu ambacho hakijashika. Patasi ile ikifika mwisho huacha alama kwenye mdomo wa bolti, usiondoke bila kuiona. Na kina cha shimo lake lazima kiwe sawasawa, wakati ile ya kipete shimo likizidi kidogo si tatizo.

Skrubu za zege zinakata nyuzi zake ndani ya ukuta wa shimo, hazitanuki sana, kwa hiyo karibu na ukingo ni nzuri. Shimo lake likiwa pana kwa milimita moja tu, hakuna kitu. Na iko ile ambayo shimo linachimbwa kupanuka chini, bolti ikafunguka mle ndani na kujifungia. Hiyo ni ya mizigo mikubwa na mitikisiko, na mafundi wengi hatukutani nayo.

#12 JichoLaRula

Uzi mzuri sana. Mimi nina kazi wiki hii, kufunga reli ya ngazi kwenye ukuta wa zege. Ukuta umepigwa lipu na sijui unene wake. Na mtu mmoja ameniambia niachane na hizi za kutanuka, nitumie gundi, eti gundi haina shida ya ukingo. Mnasemaje?

#13 MzeeDrili

Lipu toboa tundu dogo pembeni uone vumbi linapobadilika rangi na sauti ya drili inapobadilika. Pima hapo. Usikisie lipu, mahali pengine ni 15, hatua moja mbele ni 40.

#14 BiMhandisi

JichoLaRula, aliyekushauri ana ukweli ndani yake. Gundi haisukumi kuta za shimo, kwa hiyo unaweza kukaribia ukingo zaidi na kuzikaribisha bolti zaidi. Lakini faneli liko pale pale, hesabu ya ukingo haifutiki. Na gundi ina masharti yake. Shimo liwe safi kweli kweli: pulizia kuanzia chini, piga brashi, pulizia tena, rudia. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi, nalo halishiki kitu. Kisha usubiri ikauke kwa muda ulioandikwa, na muda huo unabadilika na joto.

Kuna jambo kubwa zaidi, mzigo unaoning'inia muda wote. Tarehe 10 Julai 2006, kwenye handaki la barabara huko Boston, Marekani, vipande vizito vya dari ya zege viliangukia gari na mtu mmoja akafa. Dari ilikuwa imeshikiliwa na bolti za gundi juu ya vichwa vya watu. Uchunguzi uligundua kuwa gundi iliyotumika ilikuwa inanyooka pole pole chini ya mzigo wa kudumu, mpaka bolti zikateleza. Zilipojaribiwa kwa muda mfupi zilikuwa zimepita. Tarehe 2 Desemba 2012, handaki la Sasago huko Japani, dari ikaanguka na kuua watu 9, nako bolti za gundi kwenye paa zilihusika. Mimi binafsi kwa kitu kinachovuta kwenda chini usiku na mchana juu ya watu, naanza kwanza na bolti ya kimekanika (isiyotumia gundi) iliyothibitishwa kwa zege lenye nyufa. Gundi nitaitumia nikiwa na karatasi ya mtengenezaji inayosema wazi inafaa kwa mzigo wa kudumu, na mtu wa kusimamia kila shimo.

#15 Kokoto_Nne

Hilo la "zege lenye nyufa" mmelirudia. Zege langu halina ufa, nimelitazama.

#16 BiMhandisi

Zege lenye nondo limetengenezwa likitarajiwa kupata nyufa. Upande wa chini wa slabu na wa boriti unavutwa, na nondo haianzi kufanya kazi sawasawa mpaka zege lipasuke kidogo. Nyufa hizo ni nyembamba, majaribio ya bolti hutumia za milimita 0.3 na kwenda juu, huwezi kuziona chini ya rangi. Tatizo ni kwamba shimo la bolti ni sehemu dhaifu, na ufa hupenda kupita hapo hapo. Ukipita, shimo linapanuka. Bolti nzuri inaendelea kutanuka kuufuata ufa kwa sababu koni bado inavutwa. Bolti ya kuzamisha haiwezi, imeshagongwa mwisho wake. Linganisha 7.7 na 11.0 uone: zege likiwa na ufa umepoteza asilimia 30 hata kwa bolti iliyo bora.

Ukiwa na shaka, hesabu kama lina ufa. Mimi hufanya hivyo karibu kila mara.

#17 NondoKavu

Na kutu? Bolti nyingi nilizong'oa nje zilikuwa nyekundu.

#18 FundiSpana

Zile nyeupe zinazometa zimepakwa zinki nyembamba, kwa kawaida kama maikromita 5 tu. Ni za ndani, pakavu. Nje chukua iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ambayo tabaka lake ni karibu mara 10 ya hapo, au chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari usibishane, chukua chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4.

#19 BiMhandisi

Naongeza mahali pamoja: kumbi za mabwawa ya kuogelea. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa ilianguka na watu 12 wakafa. Vining'inizo vyake vilikuwa vya chuma kisichoshika kutu, lakini hewa yenye klorini ilivipasua kwa ndani vikiwa vinavutwa. Kwa nje vilionekana vizuri. Huko hata A4 haitoshi juu ya dari, kuna madaraja maalumu.

#20 JichoLaRula

Asanteni wote. Swali la mwisho kabla sijaanza: nikikutana na nondo nikitoboa nifanyeje? Na zege la ukuta huu lina wiki 2 tu.

#21 MzeeDrili

Wiki 2 subiri, mwanangu. Fikisha siku 28. Zege changa kipete kinalitafuna.

Nondo usiikate. Nimeikata sana ujana wangu na leo ningekukataza.

#22 FundiSpana

Naungana na Mzee. Shimo lililogonga nondo lihame. Umbali wa shimo jipya uwe angalau mara 2 ya kina cha lile ulilotelekeza, na ukitaka kukaribia zaidi lijaze kwanza grauti (uji wa kujazia mashimo) ngumu isiyosinyaa. Usilijaze mchanga na saruji nyepesi.

Na wakati wa kugonga bolti, rudisha nati ifike mwisho wa nyuzi, ili nyundo ipige nati na ncha ya nje ya bolti pamoja usije ukaziharibu nyuzi. Vumbi lipulize kabla. Kwa bolti ya kutanuka vumbi si janga kama kwenye gundi, lakini likijaa chini bolti haifiki kina, na tumeshaona milimita 10 zina thamani gani. Keekee nayo iangalie. Mpya ya 12 huwa imezidi 12 kidogo kwenye meno. Ikishalika, bolti inagoma kuingia, mtu anaigonga kwa hasira, kipete kinajikunja kabla ya kufika.

#23 Kokoto_Nne

Na kwenye tofali za tundu?

#24 FundiSpana

Za kutanuka usizitumie kabisa. Ukuta wa tofali ni mwembamba, kipete kinatanuka na kuuvunja. Kule ni gundi na kikapu chake cha wavu, au pitisha bolti upande wa pili.

#25 JichoLaRula

Narudi na taarifa, wakuu. Nimesubiri siku 28 zitimie. Lipu imetoka milimita 30, sehemu moja 34. Bolti nilizokuwa nimenunua ni za 100, kwa hesabu ya FundiSpana zingeniachia milimita 40 na kitu ndani ya zege. Nimezirudisha, nimechukua za 150. Nimebadilisha vitako vya reli, bolti ya juu na ya chini sasa ziko milimita 180, zamani zilikuwa 70.

Vitako 6 vimekaa. Bolti zote zimefikia kipimo kwenye mzunguko wa 3 au wa 4, isipokuwa moja niliyozungusha 7 ikawa bado. Nimeing'oa, shimo lilikuwa limekatiza kwenye mfuko wa hewa ndani ya zege.

Kitako cha 7 kimegonga nondo, milimita 35 ndani ya zege. Nimeliacha shimo hilo na lile la mfuko wa hewa, yote mawili nayajaza grauti leo jioni. Kesho natoboa mabati 2 upya.